Kitabu cha Maji Mafu

Mazungumzo mbele ya wakulima wa mwani na wanafunzi, Jambiani, Unguja, mwezi wa Julai

Assalaamu alaykum.

Bwana Sheha, walimu wangu, mama zangu na shangazi zangu mlioketi mbele kwenye majamvi, wifi zangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma chini ya mkungu: ahsanteni kwa kuitika.

Siku hii nimeichagua makusudi. Bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, limekwisha juzi. Mbegu zimefungwa, kamba zimerudi kwenye vigingi vyake, mwani wa zamu iliyopita uko juani. Leo hata ukishuka huko chini maji hayatokupa nafasi ya kufanya kitu. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, yako pale pale. Kila mwezi una maji mafu mara mbili, na ni katika siku hizi ambapo mwanamke wa kijiji hiki hupata kunyoosha mgongo. Nimekuja kusema juu ya siku hizi, na juu ya kitabu cha kusoma ndani yake: riwaya ya mapenzi na mambo ya jamaa, nene, tamu, ya kukufanya uunguze wali.

Lakini kwanza neno lenyewe, pwani. Mama yangu aliposema "nakwenda pwani", hakuna aliyemwuliza kama amechukua mkeka wa kulalia. Pwani ilikuwa kazi. Kabla ya mwani yalikuwa makumbi ya kufukia na kufukua, na pweza wa kuchokoa. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza upande wetu huu wa mashariki, zikawa kamba na vigingi. Mgeni naye husema anakwenda pwani, na maana yake ni kwamba amefunga kazi ya mwaka mzima na hataki kuulizwa kitu. Mchanga ni mmoja, hatua hamsini baina yao. Yeye ameshika kitabu, mama ameshika kamba. Nilikuwa mtoto, nikiwaona wote wawili kwa wakati mmoja, na wivu wangu haukuwa wa kile kitanda wala wa ile juisi. Ulikuwa wa kitabu. Nilitaka kujua mle ndani mna nini hata mtu mzima, aliyepanda ndege usiku kucha ili aje aione bahari yetu, akifika asiitazame.

Nilikuja kujua. Dada yangu alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya upande huu. Wageni wakipakia mabegi yao na uzito ukazidi, kitu cha mwanzo kuachwa ni kitabu kilichokwisha somwa. Dada aliruhusiwa kuvichukua. Alivileta nyumbani amevifunga kwenye kanga, vina mchanga kwenye mishono, kurasa zimevimba kwa maji ya chumvi na zinanukia yale mafuta wanayojipaka kwa jua. Vya Kijerumani na Kitaliano tulitazama majalada tu. Vya Kiingereza nilivishika mimi, niliyekuwa kidato cha pili, pamoja na kamusi ya skuli iliyokatika mgongo.

Kile cha mwanzo kabisa kilikuwa na habari hii. Mama amefariki, ameacha nyumba ya mbao kando ya bahari. Mabinti zake watatu wanakutana pale kwa wiki chache kuitoa vitu na kuiuza. Mkubwa ana ndoa inayomponyoka. Wa kati hasemi na mkubwa. Mdogo amerudi na mimba, na hataki kusema ya nani. Ndani ya kabati wanakuta barua alizoandikiwa mama yao na mwanamme ambaye si baba yao.

Nilikuwa nakisoma usiku kwa kandili, na jioni inayofuata nawasimulia mama na shangazi zangu barazani huku wakifunga mbegu. Nafasiri kichwani, natoa mdomoni. Na pale barazani ndipo nilipofundishwa riwaya, maana wale wanawake hawakunipa hata nafasi ya kupumua. "Ngoja kwanza. Huyo marehemu hana ndugu? Mjomba wao yuko wapi? Nyumba inagawanywa bila ya mjomba kuitwa?" Nikasema kitabu hakimtaji mjomba. "Basi kitabu kimemsahau." Shangazi mkubwa alitaka kujua nani anapika, kwa sababu watoto watatu wa marehemu wamekaa wiki nzima mle ndani na hakuna jirani aliyeleta hata sahani ya mkate wa kumimina. Mama mdogo yeye alimng'ang'ania yule binti wa mwisho: "Huyo anamjua baba wa mtoto. Anamsitiri mtu. Na huyo mtu wanamjua wote." Kurasa arobaini mbele ikatoka kweli, alikuwa mume wa dada yake. Mama mdogo hakupata kusoma riwaya hata moja katika maisha yake. Alikuwa ameishi ndani ya jamaa, akajua jamaa zinavyoficha.

Kitabu kile kilikuwa kimekatika mwisho. Kurasa kama ishirini zimeng'oka, Mungu ndiye ajuaye zilibaki kwenye mchanga gani. Nilipowaambia walikasirika kama kwamba nimewaibia mimi. Halafu kila mmoja akatoa mwisho wake, na ubishi ule ukala maji mafu yote mawili ya mwezi. Mwisho alioutoa mama yangu ninao mpaka leo. Nitawaambia.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani vitabu hivi wana jina lao: vitabu vya ufukweni, vya kusomwa majira ya joto. Wala si mambo ya jana. Katika karne ya 19 huko Marekani, reli zilipoanza kuwachukua watu wa miji mikubwa kwenda hoteli za baharini na milimani wakati wa joto, wachapishaji walitambua kwamba mtu aliye safarini hununua kitabu chepesi cha jalada la karatasi. Wakawa wanavitoa kwa wingi kila msimu ule ukifika, visa vya uchumba na vya nyumbani, na wahubiri nao wakasimama makanisani kuvishutumu kwamba vinawaharibu wasichana. Uingereza, mwaka 1935, kampuni ya Penguin ikaanza kuuza vitabu vya jalada la karatasi kwa peni sita kimoja, bei ya pakiti ya sigara. Hapo riwaya ikawa kitu cha kila mfuko.

Nimeyataja ya wahubiri kwa sababu na mimi nilishutumiwa. Mwalimu mmoja, simtaji na skuli siitaji, alikikuta kitabu mkobani mwangu, akakiinua juu mbele ya darasa zima, akasema upuuzi huu ndio unaowafelisha watoto wa kike. Akaondoka nacho. Nilikuwa nimefika katikati, na nililia, na wenzangu walidhani nalilia aibu. Leo niko sawa na umri aliokuwa nao yeye siku ile, na nimelipata jibu ambalo sikuwa nalo. Nendeni mahkama ya kadhi siku yoyote ya kazi, mkae kwenye benchi, msikilize. Ni talaka, ni matunzo ya watoto, ni mirathi. Ni mapenzi yaliyoharibika na nyumba zinazogombaniwa. Hakuna mtu anayemwambia kadhi kwamba anashughulika na upuuzi. Basi kwa nini mambo yale yale, yakiandikwa vizuri na mtu aliyeyatafakari mwaka mzima, yawe upuuzi?

Nimesoma vingi vya aina hiyo tangu wakati ule, na nimevichambua kama mchele kwenye ungo. Uzuri wa waandishi wake ni kwamba wanawakusanya watu wa damu moja mahali ambapo hawawezi kukimbiana, na kwa muda wenye mwisho. Muda ndio siri yake. Msimu wa joto una wiki zake, nyumba itafungwa, kila mtu atarudi alikotoka, kwa hivyo jambo lililofichwa miaka ishirini lazima litoke kabla boti haijang'oa nanga. Sura zake huwa fupi, na kila sura huonwa kwa macho ya mtu mwengine, ndiyo maana msomaji hujua siri ambayo dada mtu bado hajaijua, akawa anageuza kurasa kwa hofu ya siku atakayoijua. Na mapenzi huingia kwa mlango wa uani: yule kijana wa zamani aliyebaki kijijini, sasa ni fundi wa mashua, na hajaoa.

Kuna mwandishi wa Marekani, Elin Hilderbrand, ameandika riwaya zaidi ya ishirini zinazotokea kwenye kisiwa kimoja tu, Nantucket, jimbo la Massachusetts. Kisiwa hicho Unguja inakipita zaidi ya mara kumi kwa ukubwa. Zamani wenyewe walivua nyangumi. Siku hizi wanategemea wageni wa majira ya joto, kama tunavyowategemea sisi. Na jimbo hilo si geni kwetu, kwani ni kutoka bandari yake ya Salem zilikuja merikebu kuchukua pembe na sandarusi zetu katika karne ya 19, zikashusha kitambaa ambacho jina lake limebaki kuwa marikani. Kisiwa kidogo kama kile kimemtosha mwandishi mmoja riwaya zote hizo. Unguja na Pemba tumepungukiwa na kisa gani?

Wao wana majira ya joto. Sisi tuna eda.

Hebu tulieni niwaeleze, na nyinyi wanafunzi sogeeni. Mwanamke amefiwa na mume. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Dunia yote inamjia yeye pale alipo. Anakuja wifi kumpa mkono, na huku mkono unatolewa macho yako kwenye kabati. Anakuja mtoto wa kiume kutoka Muscat, miaka kumi na moja hajakanyaga nyumba hii, na kila simu yake ikilia anatoka uani kuzungumza. Anakuja jirani, kila siku, na chungu cha uji, na hakuna anayejua kwa nini jirani huyu analia kuliko wenye msiba. Halafu, siku ya tisa au ya kumi, anaingia mwanamke asiyejulikana, amejifunika vizuri, ana adabu zake, amemshika mkono mtoto wa miaka sita. Anasalimia. Anakaa. Na watu wote barazani wanautazama uso wa mtoto yule, na pua ile, na hakuna anayethubutu kusema neno.

Ameolewa, yule. Kwa ndoa ya halali, na cheti anacho. Mjane wetu amekuwa mke mwenza miaka saba na hakujua.

Hapo hesabu inaanza, na hesabu yenyewe sharia imeshaipanga. Marehemu ameacha watoto, kwa hivyo wake wanapata thumuni, fungu moja katika manane, na wakiwa wawili thumuni hiyo hiyo wanagawana. Mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike moja. Nyumba ni moja, vyumba vinne, mtaa wa Ng'ambo, mjini. Na mzee mmoja wa ukoo aliwahi kusema kwamba nyumba ile ni wakfu na haiuziki, ila karatasi ya wakfu haijaonekana tangu babu alipofariki. Nani anayo? Nani amefaidika ikipotea? Na mwenyewe mjane amekaa ndani, yote anayasikia kupitia ukuta, siku zake zinahesabika. Ikitimia miezi minne na siku kumi atatoka kwenye mlango ule, na hapo lazima awe ameshaamua kama yule mwanamke na mwanawe ni maadui zake au ni watu wake.

Katika vitabu vyote nilivyosoma vya wageni, sijaona kipimo cha muda kizuri kuliko hiki. Nyumba imefungwa kwa haki na heshima, hakuna anayeweza kuuliza kwa nini mama huyu haondoki tu. Waandishi wao hulazimika kubuni mvua kubwa au boti iliyoharibika ili watu wasikimbiane. Sisi tumepewa.

Na fungate je? Siku saba maarusi wamo ndani, na somo, yule kungwi wa bi arusi, anaingia na kutoka, anaona nani amelia na nani amecheka, anajua yote na kinywa chake kimefungwa. Riwaya nzima ya siku saba kwa macho ya somo: ningependa kuisoma kabla sijafa. Wapemba mlioko hapa mnazijua kambi za karafuu, namna vijana wa vijiji mbalimbali wanavyokutana mikarafuu ikizaa, na msimu ukiisha kila mtu kwao. Na zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, leo zimefika kwa wajukuu. Hayo nayapitia mbio, jua linapanda.

Lakini kwa mtu mmoja nitasimama, ili asije mtu akadhani kwamba mwanamke wa Zanzibar kuandika habari za nyumbani kwao ni kuiga wageni. Sayyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 kwenye kasri la Mtoni, ambalo magofu yake bado yapo. Kusoma Kurani alifundishwa. Kuandika alijifundisha peke yake kwa siri, akinakili herufi za msahafu. Baba yake, Sultani Seyyid Said, alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 ndugu zake wakagawanyika, Barghash akitaka kumwondosha Majid kwenye kiti. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano hivi. Akasimama na Barghash, na barua za njama zikaandikwa na yeye, kwa sababu kalamu aliijua. Njama ikavunjika. Akabaki na chuki ya nusu ya ndugu zake, na aibu mbele ya nusu ya pili.

Kisha akampenda jirani yake wa Mji Mkongwe, mfanyabiashara wa Kijerumani kutoka Hamburg, Heinrich Ruete. Akawa na mimba. Mwezi wa Agosti mwaka 1866, usiku wa Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa Waswahili, wanawake waliposhuka pwani kukoga kama ada, na yeye akashuka pamoja nao. Wenziwe wakarudi, yeye hakurudi. Manowari ya Kiingereza ilimchukua mpaka Aden, na mwaka uliofuata Ruete akamfuata, wakaoana huko huko. Mwaka 1870 mume akafa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo hakuwa na mtu. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na mwaka 1888, akitaka haki yake ya urithi. Aliyekuwa Sultani wakati ule wa mara ya kwanza ni Barghash, yule yule aliyemwandikia barua zake. Hakumpa.

Nikifika hapo huwa nasita. Namwona yule msichana anayeandika barua za kaka yake usiku, mlango umefungwa. Kama kuna binti katika nyinyi anayetaka kujua riwaya ya jamaa inaanzia wapi, basi inaanzia kwenye chumba kile.

Na za Kiswahili zipo, tena nzuri. Wanafunzi mnajua. Mohamed Suleiman Mohamed alituandikia Nyota ya Rehema, iliyotoka mwaka 1976: binti anayeteswa na mama wa kambo ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe, anayekimbia, na baadaye shamba ambalo watu wanamgombania yeye na mumewe Sulubu. Adam Shafi akatuandikia Vuta N'kuvute, mwaka 1999: Yasmin, aliyeozwa mtoto kwa mwanamme mzee, akatoroka, akampenda Denge. Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu. Mapenzi, wazazi, ndoa ya lazima, na bandari yetu mle ndani na majina ya mitaa yetu. Ni vitabu vya kusomwa umejilaza ubavu.

Lakini tumewafanyia nini waandishi hawa? Tumewaingiza kwenye mtihani. Mtoto anamjua Rehema kwa kukariri dhamira sita na aina nne za tamathali. Anafunga karatasi ya mtihani na kitabu anakifunga pamoja nayo, hakifungui tena. Walimu wangu, nasema haya kwa mapenzi, na mimi mwenyewe nimesomesha hivyo miaka mingi, nikaona watoto werevu wakitoka darasani hawajui kwamba kilichokuwa mikononi mwao kilikuwa kinaliza. Wanafunzi, nakuombeni jambo moja likizo hii: chukueni mojawapo ya vitabu mlivyofanyia mtihani, mkisome tena bila ya kalamu.

Kuna mzazi hapa, namheshimu sana, alinisimamisha njiani juzi akaniuliza: "Mwalimu, unawaletea watoto wetu mambo ya mapenzi?" Alistahili jibu la taratibu, na sikuwa na nafasi, kwa hivyo namjibu hapa. Ndiyo, Bi mkubwa wangu. Lakini lugha yetu ina sitara. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliimba mapenzi na husuda na dhulma za mji mzima, na sahani zake zilizorikodiwa Bombay mwaka 1928 zilisikika mpaka mbali, na hakuvua mtu nguo. Kanga inasema "Japo sipati tamaa sikati", na kila mtu mwenye moyo anaelewa, mtoto anaona herufi tu. Mwandishi anayelijua fumbo anaweza kukaa chumba kimoja na wapendanao sura thelathini, akatuacha mlangoni kila mara, na sisi tukatetemeka zaidi. Ninachokikataa ni ile inayoandikwa ovyo. Mnaijua. Inakuja kwenye simu, vipande vipande, kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya mwanzo bure na zinazofuata kwa kulipia. Siwacheki wanaozisoma, mabinti zangu wanazisoma na mimi nimezisoma. Kiu ile ni ya kweli. Lakini nyingi hazina mwisho, mwandishi anavuta kamba mpaka wasomaji wanachoka kulipa, halafu anamwua mtu kwa gari na kufunga. Mwanamke aliyetoka kwenye maji ya chumvi saa nne nzima anastahili kisa kilichofikiriwa mpaka mwisho.

Basi nimeleta kasha. Lile pale, karibu na mlango wa banda la kuanikia. Ndani mna riwaya ishirini na mbili za Kiswahili. Nyengine nimenunua, nyengine nimeziomba kwa walimu wenzangu, na mna Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa hapa hapa Unguja aliyepata Nobeli mwaka 2021. Tafsiri yenyewe ni ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Chukua, soma, rudisha maji mafu yanayofuata. Ukirudisha kina mchanga sitouliza. Asiyeona vizuri na asiyejua kusoma aje alasiri, mimi nitasoma kwa sauti, na mikono ya watu iendelee na kazi zake kama ilivyokuwa barazani kwetu. Mtu akitaka kunikata kauli na kuuliza mjomba yuko wapi, anikate.

Na madaftari yapo, yale ya rangi ya buluu. Hayo ni ya vijana. Kaa na bibi yako, muulize nani aliolewa wapi, nani alikataliwa, nyumba ile ilikuwa ya nani. Badilisha majina, badilisha mtaa, usimwaibishe mtu. Kisha andika. Yule mjane wangu wa eda nimemtoa kichwani mwangu mwenyewe, hana ukoo hapa, na nampa bure atakayemtaka. Ila karatasi ya wakfu, nakuombeni, msiifiche chini ya godoro. Sote tutatazama hapo kwanza.

Nilikuahidini mwisho wa mama yangu.

Wale mabinti watatu, na nyumba, na barua za mwanamme asiyekuwa baba yao. Shangazi mkubwa alitaka barua zichomwe moto na nyumba iuzwe, wagawane, basi. Mama mdogo alitaka yule mwenye mimba amwambie dada yake kwa kinywa chake, usiku, taa imezimwa. Mama yangu alikuwa kimya siku zote zile za ubishi, anafunga mbegu tu. Siku ya mwisho ya maji mafu, kamba yake ya mwisho, akasema kwamba nyumba haikuuzwa. Akasema wale mabinti walimtafuta mwandishi wa barua mpaka wakampata, mzee, anatembea kwa fimbo. Wakamwita. Akaja kwa boti ya asubuhi, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Hakutaka kitu chochote. Aliomba aoneshwe kaburi tu.

"Wakamwonesha?" akauliza shangazi.

"Wakamwonesha. Alikaa huko mpaka alasiri."

"Halafu?"

Mama akaikata kamba kwa meno. "Halafu alirudi ana njaa. Wakampikia."